Beseni la Baba Mkwe

Redio ya kinyozi ilikuwa imetangaza kwamba Pasaka ni Jumapili hii. Pale kijiweni, kwenye benchi la fundi viatu waliyembandika jina la Gundi, tangazo halikumsumbua mtu isipokuwa Gundi mwenyewe.

"Baba mkwe anasema ni leo," aliguna. "Siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza wa Kiyahudi, jua likishazama."

"Leo Jumanne?" Kamusi, mwalimu mstaafu, nusura aanguke. Mguu mmoja ulikuwa peku juu ya kipande cha boksi. Kiatu chake kilikuwa mikononi mwa Gundi. "Bwana kafufuka Jumapili! Pasaka ya Jumanne umeisikia wapi?"

"Kufufuka sawa," alidakia Wembe, yule kinyozi, kutoka mlangoni kwake. "Ila Pasaka aliila jioni, kabla hajafa. Mzee anakumbuka kifo, wewe unakumbuka ufufuo. Ndiyo uchanganye msiba na harusi, Mwalimu?"

"Dunia nzima inajua ni Jumapili!"

"Dunia nzima yenyewe ina kiatu kimoja," alisema Wembe.

Gundi hakucheka. Mwaka jana aliifuata redio, akatinga kwa mkwewe Jumapili na suti yake, akamkuta mzee kanuna. Kumbe kanisani kwao, usiku wa Pasaka, kabla ya mkate na divai, huoshana miguu wawili wawili. Usiku huo mzee alikuwa amemwekea nafasi mkwe wake, akamngoja na beseni mpaka maji yakapoa. Wenzake wote walikuwa na wenza. Mwisho akajiosha mwenyewe. Tangu hapo hawakusemezana, na kila Gundi akilikumbuka lile beseni, aibu inampanda.

"Leo asubuhi ndiyo kaniandikia. Neno moja tu: Jumanne."

"Kakusamehe huyo!" alisema Wembe. "Sasa unangoja nini?"

"Naogopa, bwana. Mzee wa watu ainame kunisugua haya magaga?"

"Magaga? Hizo ni kwato!" alicheka Kamusi. "Ngoja Jumapili, uvae soksi, yaishe."

Wembe aliingia ndani, akatoka na jiwe la kusugulia miguu, akamrushia. Gundi alilidaka. Akatazama jua, lililokuwa limeshagusa mapaa, akavua aproni na kufunga sanduku la vifaa haraka haraka, kiatu cha Kamusi kikiwa ndani.

"We! Na kiatu changu?"

"Njoo ukichukue Jumapili, Mwalimu," Gundi alijibu, keshavuka barabara. "Si ndiyo siku yenu?"