Kipimo cha Memori, Dawati la Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Miezi kumi ofisini, na hakuna aliyewahi kufika kwenye dawati langu, la mwisho kabisa, nyuma ya kabati la nyaya. Sasa basi! Tunatengeneza kompaila, programu ya kugeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine. Kila ikiundwa upya inafakamia memori ya kompyuta. Naweka kipimo. Kazi ya atakayezidisha kiwango nilichoweka itagoma, na ujumbe utatokea: "Muone mtaalamu, dawati la mwisho." Lazima waje! Nimeazima kiti cha pili. Dada, kwenye simu, akauliza kwani siwezi kwenda tu kuwasalimia. Kuwasalimia! Bila sababu?

Jumanne, 4 Machi

Saa nne asubuhi kipimo kimenasa mtu! Nikachana nywele, nikafuta kiti. Kusoma jina: langu. Kipimo chenyewe kinakula memori kuliko kompaila nzima. Yaani nimejiita kwenye dawati langu mwenyewe. Nikakaa kidogo kwenye kiti cha mgeni. Si kibaya.

Jumatano, 5 Machi

Kipimo nimekirekebisha. Kimemnasa Kamanda, mkuu wa majaribio, yule ambaye kicheko chake husikika ofisi nzima na kunikera. Amekuja! Mwenyewe! Ila hakukaa. Alisema kipimo ni kizuri, wote wanakisifu, na mchana wanakwenda kula pamoja, kwa hiyo niende nikawaeleze. Nilitamani kukubali. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia ajaze fomu, alete kompyuta yake, akae. Akanitazama, akaaga.

Nimekula mkate peke yangu. Upweke umenikaba, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya. Kumbe juzi mezani walizipitia ripoti za kipimo changu, wakagundua memori inapotelea wapi, wakapaziba. Leo kompaila imeundwa mara kumi na nne na hakuna aliyezidisha. Hata mmoja! Bosi ameandika kunipongeza. Kamanda naye kaandika kwamba leo wanakula pamoja tena, na kanishikia nafasi pembeni yake. Nimeusoma ujumbe huo mara sita. Nikampigia dada. Akasema niende, tena niende sasa hivi, nisimtie wazimu.

Dada hajui mambo ya kompyuta. Nimeshusha kiwango cha memori hadi nusu. Jumatatu watakuja tu.