Kura Yangu ya Muuguzi Mkuu

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Daktari Ayine amerudi zahanatini kwetu na mambo ya semina kichwani. Muuguzi mkuu mpya tutamchagua sote: mpishi, dereva, mfagizi, hata mimi bawabu. Kila mtu swali moja, kura moja. Nikapiga makofi. Kumbe hajamaliza. Eti muuguzi huyo ataanza kwa kutupima wafanyakazi wote. Macho pia! Makofi yakakatika. Jana tu nimempigia saluti mbuzi, nikamwambia karibu padri. Wakijua, geti sina tena. Nirudi nyumbani kuchunga kanga wa mke wangu, naye anichunge mimi? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Waombaji wawili. Francis Atubiga kafika saa mbili. Saa mbili na robo anakoroma kwenye benchi. Huyu ndiye! Hatapima hata joto la uji. Wa pili ni Philomena Bayuo, Mdagaaba wa Jirapa. Hajakaa, kashauliza kwa nini ndoo ya kunawia haina sabuni. Hatari tupu. Nimemnong'oneza Talata, mpishi wetu, kwamba Philomena hali chakula cha watu wengine. Talata akasema kamwona jikoni, sahani ya pili.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya maswali. Mpango wangu safi: sisi Wafrafra na Wadagaaba ni watani tangu mababu, tunagombania hata nyama ya mbwa, kwa hiyo nimtukane Philomena nitakavyo, hakuna wa kunikemea. Yeye kasomea Akra, atanuna, na mtani akinuna mbele za watu kwisha habari yake. Nikasimama. Nikamuuliza kama kwao wameshajua kupika mbwa, au bado wanangoja sisi tushibe wapewe mkia.

Sauti yake ikatoka upande mwingine kabisa! Akasema kichwa cha mbwa kakila mwenyewe asubuhi, kanibakizia macho, maana anaona yangu yamekwisha. "Babu, mimi nipo huku. Hilo unalolitukana ni koti langu."

Dereva alianguka kwenye kiti. Daktari alijifuta machozi. Francis aliamka, akauliza kama ni zamu yake. Kura zote kwa Philomena. Na mkono wangu ukapanda! Mtani akikuangusha vile, utafanyaje?

Ijumaa, 7 Machi
Nilikariri herufi zote za ubao wa macho, dereva akinifundisha. Leo nikazitiririsha bila kosa. Philomena akasema vizuri sana, ila hiyo ni kalenda.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani! Na geti langu bado langu. Philomena kasema mtumwa wake, ndivyo watani tunavyoitana, hafukuzwi na mtu. Waona? Mpango ulifaulu.

Wiki ijayo tunachagua mfamasia. Balaa, maana atagundua ile dawa tamu ya kikohozi ninayotia kwenye uji. Mwombaji wa kwanza ni mwanamke, tena Mdagaaba. Sina wasiwasi. Safari hii nitamtukana nikiwa nimevaa miwani.