Mjomba wa Soprano

Jumamosi, 3 Oktoba 1970. Matrah, Maskati

Rahila amefika jana kutoka Kairo. Mtoto wa marehemu dada yangu. Tulipotoka Unguja tulimpeleka huko akasomee ualimu. Amerudi soprano. Nikamuuliza soprano ni nini. Akasema ni sauti ya kike ya juu kuliko zote, na kwamba anaimba opera, yaani mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata wakiomba maji. Msimu huu wa baridi wamempa sehemu kubwa. Jina lake litakuwa kwenye bango!

Mama yangu, Bi Sayyida, ambaye ndiye bibi yake na ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akasema jirani yetu Bi Masouda ameleta posa ya mwanawe Ghanim, na kwamba Ghanim ana duka mji wa Sib na Landrova. Nilimwona Rahila anauminya ukingo wa mtandio wake.

Mimi nikafikiri haraka. Binti hasafiri peke yake, anataka maharimu, ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa. Mjomba ni maharimu. Mjomba ni mimi, Marhoon. Rahila akirudi Kairo, na mimi nimefika Kairo. Hoteli. Suti. Watu wananiuliza habari za soprano wangu. Hapa nangoja kazi tangu serikali mpya ianze kutafuta watu waliosoma, na naona wameanza kutafuta upande mwingine.

Jumapili, 4 Oktoba

Alfajiri Rahila alifanya mazoezi ya sauti. Sauti inapanda ngazi, inashuka ngazi, kwa herufi moja tu. Jirani wa pili, Bi Bakhita, akaja mbio na chetezo cha ubani, akauliza pepo huyo ni wa bara au wa pwani. Rahila akamwambia kwa upole kwamba ni somo.

Halwa hali. Maji ya baridi hanywi. Anasema ni kwa ajili ya koo. Mama kakasirika kuhusu halwa.

Kuna adui. Ishaq, kaka yake Rahila, amejitangaza kuwa yeye ndiye atakayemsindikiza, kwa kuwa kaka yuko karibu kuliko mjomba. Nikamkumbusha Mama kwamba Ishaq hutapika hata kwenye gari. Ishaq naye akamkumbusha Mama kwamba mimi nilitumwa samaki sokoni nikarudi kesho yake, bila samaki. Ni kweli, lakini kulikuwa na sababu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mama ametoa hukumu. Alhamisi alasiri kuna harusi mtaa wa nyuma. Rahila ataimba mbele ya wanawake. Wakimpenda, Mama ataikataa posa mwenyewe na mtoto atarudi kwenye opera yake. Wakinyanyuka na kwenda zao, ataolewa na Ghanim baada ya Idi. Rahila akasema sawa.

Nikamuuliza ataimba nini. Wimbo wa Kitaliana, akasema. Mwanamke anamwomba Mungu mumewe arudi salama vitani. Nikauliza, na anayepigwa ni nani? Hakunielewa. Nikamweleza kwamba kila wimbo una mwenyewe, lazima pawe na mtu amekaa mkekani anaumia kwa vijembe. Akasema hakuna anayepigwa, mwanamke anaomba tu.

Msiba! Miaka sita Kairo imemsahaulisha kwao. Wanawake wa mtaa huu ni wa Unguja kama sisi. Unguja nimemwona mtu akivuka mji mzima kwenda taarabu kusikiliza anavyosemwa, apate kujibu wiki inayofuata. Ukiwapa wimbo usiomgusa mtu watauliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimelitengeneza. Wimbo upo, sauti ipo, kilichokosekana ni maana. Maana nimeitia mimi.

Asubuhi kwa Bi Bakhita. Nikamwambia kwa siri kubwa kwamba wimbo ule ni wa mwanamke aliyeazima sufuria la shaba kwa jirani akalirudisha limebonyea. Mtaa mzima unajua Bi Masouda alifanya nini na sufuria la Bi Bakhita. Bi Bakhita akanimiminia kahawa mara tatu. Akaapa atapiga vigelegele mpaka paa liitike.

Sasa Bi Masouda. Yeye ana posa yake, hawezi kumshangilia Rahila bure. Nikamwambia kwa siri hiyohiyo kwamba wimbo ni wa mwanamke anayejisifu kwa nyumba aliyoiacha kwao, ambayo kila mwaka inaongezeka madirisha. Hakuhitaji kutajiwa jina. Bi Bakhita alianza na madirisha manane, sasa tumefika ishirini. Bi Masouda akacheka mpaka akajifuta machozi.

Wimbo mmoja, washangiliaji wawili. Sijui kwa nini serikali hainichukui.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimepima suti kwa fundi wa Kihindi. Ya kijivu, ya Kairo. Nimepiga na picha ya pasipoti. Ishaq kaniuliza naenda wapi. Nikasema mtu mkubwa haulizwi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Wanaume tuliketi ukumbi wa nje. Mimi nikajisogeza mpaka kwenye pazia, nikasema nalinda viatu. Upenyo ulikuwa mzuri.

Rahila akasimama peke yake. Hakuna udi, hakuna fidla, hakuna kipaza sauti. Akavuta pumzi. Ilipotoka ile sauti, wazee waliokuwa wakisimuliana habari za Zanzibar wakanyamaza na vikombe mikononi. Mimi nikasahau sufuria, nikasahau madirisha. Nililia. Sikuelewa neno hata moja na nililia.

Katikati ya wimbo Bi Bakhita akanyanyuka kwenda kumtunza. Alicheza polepole, noti imeshikwa juu, uso kamgeuzia Bi Masouda. Na Bi Masouda akanyanyuka, noti juu, uso kamgeuzia Bi Bakhita. Kairo watu hungoja wimbo uishe. Rahila hakujua la kufanya. Aliniambia baadaye kwamba alipowaona wawili wanamjia mikono juu, aliishikilia ile sauti ya juu kwa sababu ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

Wakakutana mbele yake, kila mmoja anamwonea mwenziwe huruma.

“Umejisikia, Bi Masouda?”

“Mie? Nna lipi la kujisikia mie? Kaimbwa mwenye madirisha.”

“Kaimbwa mwenye kubonyeza masufuria ya watu, Marhoon mwenyewe kanambia.”

“Marhoon? Mbona na mie kanambia Marhoon.”

Wakageukia pazia. Hata Rahila akaiachia ile sauti ya juu. Nikavaa viatu nikaondoka. Havikuwa viatu vyangu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Bi Masouda ameiondoa posa yake kabla ya sala. Hawezi, amesema, kuozesha mwanawe msichana anayetangaza masufuria kwa Kitaliana. Bi Bakhita hasalimii. Na wanawake wengine watatu, ambao mimi sijawahi hata kuwafikiria, wamekuja kulalamika kwamba wimbo uliwahusu wao.

Mama aliniita. Nilijiona mtoto wa chuo cha Kurani. Akasema Rahila hawezi kubaki mtaa huu, aende Kairo kabla ya Ramadhani, akaimbe mbele ya watu wasioletewa maana mlangoni. Kisha akanipa mgongo, akasema sauti ile ni ya marehemu dada yangu alipokuwa akiwaita watoto uani, ila imepelekwa shule. Sikuona uso wake.

Nikauliza kuhusu maharimu. Ishaq. Mimi nitazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Uwanja wa ndege wa Bait al-Falaj. Rahila alinibusu mkono. Anajua yote sasa, na alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, mjomba, Kairo wanapiga makofi, lakini hakuna aliyewahi kupigania wimbo wangu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilisema vumbi la hapa ni baya, nikageuka upande.

Ishaq alivaa suti yangu. Imemkaa vizuri kuliko mimi. Namwombea mawingu.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimeanza kuomba radhi. Kwa Bi Bakhita nilisema yote niliyofundishwa na Mama, na nilikuwa nayasema kwa moyo. Akasikiliza. Akanisamehe. Akafunga mlango, akauliza kwa sauti ndogo kama Wataliana hawana wimbo mwingine, wa mwanamke anayejisifu kwa Landrova ya mwanawe. Nikasema wanao, tena mrefu. Kwa Bi Masouda pia nilisamehewa, na yeye pia akafunga mlango.

Tatizo ni kwamba soprano kaondoka. Lakini sauti ni ya ukoo, Mama mwenyewe kasema. Alhamisi ijayo kuna harusi nyingine, na nyuma ya pazia nani atajua? Nimekunywa maji ya moto, nimekataa halwa, nimepanda ngazi kwa herufi moja kama nilivyomsikia Rahila. Mama kauliza kutoka jikoni nani anamtesa mbuzi.

Nitaanza na ngazi za chini.