Gauni la Wifi Katika Ngano ya Kutu

Leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuweka uso. Nawasimulia mapema, kabla gazeti halijawafikia.

Mnajua kazi yangu hapa Njoro: natafuta ngano isiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa vumbi jekundu. Misimu mitatu nimeshindwa. Kisha gazeti likaniita "Malkia wa Ngano" (malkia gani anashika jembe?) na tangu hapo sina amani. Watu wanakuja kunitazama tu. Mmoja aliniomba dawa ya jino!

Asubuhi bwana mkubwa wa kituo chetu cha utafiti, Mzungu, akaniita. "Leo wageni iko. Kama shamba yako hapana mzuri, kesho trekta iko lima yote."

Nilikaribia kulia. Ngano ya msimu huu ndiyo tumaini langu la mwisho.

Mpiga picha wa gazeti naye akaja na masharti. "Mama, mtaalamu huvaa nyeupe." Koti langu la kazi ni kaki. Nikavaa gauni jeupe la wifi yangu Rispa, mke wa kaka, alilonipa nivae harusini Jumamosi. (Harusini, si shambani. Najua.)

Wageni, walowezi watupu, wakafika. Bwana mkubwa akawaeleza utafiti wangu bila kuniuliza neno. (Nilijifunza mengi.) Mmoja akataka kujua kama chai iko tayari.

"Rudi nyuma kidogo, mama," akasema mpiga picha. Nikarudi. "Kidogo tena. Tabasamu!"

Sasa, kuzunguka ngano yangu kuna mistari ya ngano dhaifu. Hiyo hupandwa makusudi iugue, ili iijaribu ile nzima. Niliipanda kwa mikono yangu mwenyewe. Na humo humo nikaanguka chali, miguu juu!

Kuinuka, mgongo mzima mwekundu kama tofali. Wageni wakashika mbavu. "Usigeuke, mama, hapo hapo!" Picha ikapigwa. Nikatimua mbio, nikapita katikati ya ngano yangu ikinifika kiunoni, nikatokea upande wa pili. Wageni walikuwa wameshazunguka, wananingoja!

Mzee mmoja wao hakucheka. Akanitazama mbele na nyuma, utadhani ng'ombe wa mnada.

"Nyuma chafu. Mbele safi. Wewe napita kwa ngano yako na hii mbele?"

"Ndiyo, bwana."

Akachuma jani la ngano yangu, akalisugua kwenye leso yake nyeupe. Leso ikabaki nyeupe.

"Trekta hapana gusa hii," akamwambia bwana mkubwa. "Mimi nataka mbegu."

Bwana mkubwa akajibu kwamba hilo ndilo onyesho alilolipanga tangu mwanzo. Jamani! Sikumjali. Nilisimama pale nikilia kwa furaha, mchafu hivyo hivyo.

Basi ngano yangu imeshinda kutu. Gauni la Rispa limeshindwa, na ndilo litakalotoka gazetini. Mkicheka, chekeni mbali na kwa kaka yangu.