Kadi Mia Mbili za Bi Mwanakombo

Jumatatu, 14 Julai
Leo saa nne asubuhi nimepoteza kazi ya kadi mia mbili za harusi ya binti wa Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa kila kamati hapa Tabata. Kumpoteza yeye ni kupoteza mtaa mzima. Kadi zote zimetoka na nusu ya jina, nyingi "Mama". Mama tu. Skripti, yaani programu ndogo inayoendesha mashine ya kuchapa hapa dukani kwangu, nimeiandika mwenyewe, sikusomeshwa na mtu: unaandika --jina, unafuatisha jina la mwalikwa, kadi inachapwa. Nikaandika --jina Mama Hija. Ikachukua Mama, ikamtupa Hija. Zamani ilikuwa inagoma ikiona neno la ziada. Nikaiamuru ivumilie. Imevumilia. Mke wangu Hamida kasema jina lote liwekwe ndani ya fungua semi na funga semi. Nikamjibu hizo ni za hadithi. Bi Mwanakombo kauliza sasa ukumbini mama yupi aingie, yupi arudi kwake. Kazi kampa Talha wa ng'ambo ya barabara, anayeandika majina kwa kalamu.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata njia. Nimeunganisha kwa kistari cha chini: Mama_Hija. Nikapeleka sampuli, na shikamoo mbili. Bi Mwanakombo kauliza kwani Mama Hija siku hizi kawa imeili. Talha alikuwepo. Kacheka mpaka kapaliwa.

Jumatano, 16 Julai
Nimeweka fungua semi, Hamida asijue. Mama Hija katoka mzima. Bi Mwanakombo kalainika: mwandiko wa Talha hausomeki, nilete kwanza kadi kumi za wazee. Mwingine angeishia hapo. Mie nikaongeza --cheo, wazee watangulizwe Alhaji, Mwalimu. Usipoandika cheo, skripti inajaza yenyewe kile cha kazi iliyopita. Kuokoa muda.

Alhamisi, 17 Julai
Jana kwa haraka sikuandika vyeo. Kazi iliyopita, niliyojaribia --cheo, ilikuwa ratiba ya mazishi, cheo "Marehemu". Kadi zimeshagawiwa: "Marehemu Mzee Abdulrahman na mwenzi". Kaja mwenyewe dukani, na bakora, kuuliza kafa lini na mbona kwake hakuna turubai. Bi Mwanakombo hapokei simu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimetafakari. Kasoro nimeiona: skripti haina adabu. Nimeiongezea --radhi, inachapa msamaha chini ya kila kadi, hata isiyo na kosa. Hamida kaenda kwao Mbezi Luis kupumzika. Nimemwandikia Bi Mwanakombo: Bi mkubwa, kadi mia moja na tisini zilizobaki, mie au Talha? Sitaki salamu, sitaki "tutaona". Nataka jina moja, kabla ya saa kumi alasiri leo.