Tarikhi ya Cyrus wa Mukhwana na Firigisi ya Mwisho ya Bertrams

Jongeeni, enyi mliotawanywa na riziki katika mji huu wa dhahabu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuiona! Jongeeni, nyinyi wa Joubert Park mnaoishi wanane chumba kimoja, na nyinyi wa Rosettenville mnaotwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jirani agonge ukuta. Wekeni simu chini, na ile ya pili mliyoificha nayo pia muizime. Wafalme sitawasimulia, maana wafalme wana watu wao wa kuwasifu, tena hulipwa. Nitawasimulia habari ya Cyrus wa Mukhwana, afisa wa benki, simba wa ghorofa ya nne, mwenye tai tatu na shingo moja, na jinsi alivyoitwaa firigisi ya kuku siku ya Jumamosi mchana, mbele ya mashahidi, nami nikiwa mmojawapo, meza ya pembeni karibu na choo, mbele yangu vibanzi vyangu.

Ee Mola utupaye mkate wetu wa kila siku, nipe na ulimi wa kulisema hili bila kutia chumvi. Ukininyima, nitatia tu.

Jueni kwanza kisa cha vita. Cyrus alitaka kumwoa Lorraine, mhadhiri wa chuo kikuu, binti wa Bungoma, mwenye macho yanayosahihisha mtihani hata usipoandika kitu. Baba yake Lorraine alikwishatangulia mbele ya haki, na mama yake alikuwa ametoa hukumu kutoka nyumbani kwa maneno machache: "Kaka yangu akimkubali huyo kijana, mimi sina neno. Akimkataa, hiyo harusi ya Desemba msahau." Na huyo kaka, Mzee Namasaka, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa apite Johannesburg siku mbili tu kumwona mpwa wake, kisha jioni ya Jumamosi apande ndege kwenda Atlanta, Amerika, kwa mwanawe Roy. Kwa hiyo Desemba nzima, kadi, keki na kwaya, ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja.

Lorraine alimwonya shujaa wetu mapema. "Cyrus, nunua kuku wa kienyeji, uchinje, mimi nitapika. Usijaribu mambo mengine."

Lakini lini shujaa alisikia onyo? "Mpenzi," akajibu, mkono kifuani, "mtu anayevuka bahari kwenda Amerika nimpe kuku wa mchuzi, ambaye amemla tangu enzi za mkoloni? Mimi nitamwandaa! Nitamvika silaha! Hatashuka Atlanta akiwa mgeni wa sahani yoyote!"

Maana Cyrus alikuwa na siri. Kwa miezi mitatu, kwa barua za Roy na kwa wino wa benki, alikuwa ametunga kitabu cha kurasa arobaini kilichofungwa kwa waya, jina lake *Mwongozo wa Msafiri katika Vyakula vya Haraka vya Amerika, Jimbo kwa Jimbo*. Humo mliandikwa kwamba kuna duka la kuku lisilofunguliwa Jumapili kwa kumcha Mungu. Kwamba Chicago ukitia nyanya ya chupa kwenye soseji utatazamwa kama mwizi wa sadaka. Kwamba kule Texas nyama hukaa kwenye moshi usiku kucha na hakuna anayeuliza imeungua kwa nini. Kwamba Philadelphia mkate hujazwa nyama na jibini na huliwa umeinama ili shati lisalimike. Mwenyewe hakupata kufika Amerika. Hilo halikumzuia kuandika kwa uhakika mkubwa, na kwa kweli uhakika ulizidi pale asipojua.

Basi Jumamosi hiyo, saa sita na nusu, akampeleka Mzee pamoja na Lorraine katika Big Tennessee, ngome ya kuku wa Kimarekani iliyoko Bertrams, na kuagiza ndoo. Ndiyo, ndoo. Vipande tisa vyenye ganda la dhahabu, vinafuka moshi.

Mzee Namasaka alivua kofia yake ya kijivu, akaomba dua ndefu iliyowagusa marubani, kisha akaanza kupekua. Akainua paja, akalilaza. Akainua bawa, akalilaza. Alipekua ndoo mara tatu, hata mimi nikasahau vibanzi. Kisha akaichukua kofia akairudisha kichwani.

Enyi mliozaliwa mbali na Magharibi ya Kenya, nitawaeleza, na mliozaliwa huko mnivumilie. Kwetu kuku hawekwi mbele ya mjomba wa binti bila firigisi. Firigisi ndiyo heshima yenyewe. Hizo nyama nyingine ni za kusindikiza. Kuku asiye nayo hakuchinjwa kwa ajili yako: kuna mwingine aliyechinjiwa, nawe umeletewa mabaki.

"Mwanangu Cyrus," Mzee akasema, taratibu, kama anayesoma majina asubuhi. "Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikupata kufunga mlango wa darasa kabla ya kuhesabu. Huyu kuku nimemhesabu. Mapaja yapo hapa. Mabawa yapo hapa. Mmoja hayupo. Kama mna mgeni mkubwa kuliko mimi, niambieni nimpishe kiti."

"Mzee wangu, hapana mgeni mwingine..."

"Basi nitangoja. Akipoa kabla sijamwona huyo aliyekosa, nitaomba gari la uwanja wa ndege, na dada yangu nitampigia nikiwa huko."

Lorraine hakumtazama Cyrus. Alivua sweta yake akaifunika ile ndoo, akaikaza pembeni kama mtu anayemfunika mtoto mgonjwa. Mzee aliona.

Ndipo shujaa akainuka. Akaiendea kaunta, akasimama mbele ya binti mwenye kofia nyekundu, akanguruma kwa Kiingereza, nami nawafasiria: "Ewe mlinzi wa mafuta yachemkayo! Kuku wenu walikuwa hai, walikula, walisaga walichokula! Iko wapi basi firigisi, jiwe la kusagia la ndege huyu?"

"Eish, buti," binti akajibu kwa huruma, akimwita kaka kwa lugha ya mji huu, "hao wanakuja ndani ya boksi. Wameshakatwa. Mimi nabonyeza hapa tu."

Cyrus akaukimbilia *Mwongozo* wake, na tazameni kejeli ya majaliwa! Ukurasa wa thelathini na moja, kwa mkono wake mwenyewe: *Kusini mwa Amerika, hasa kwenye vituo vya petroli vijijini, firigisi hukaangwa kwa unga na pilipili na kuuzwa katika vikopo vya karatasi.* Firigisi zilikuwepo, basi. Zilikuwa mbali naye kilomita elfu kumi na tatu na ushei, na kuku alikuwa akipoa.

Hapo upepo ukaleta harufu ya mkaa. Ng'ambo ya barabara, chini ya robot, taa ya barabarani ambayo haijawaka tangu Pasaka, alikaa Marthe, malkia wa majiko, mama wa Bukavu mwenye kitenge na koleo, akichoma vichwa na miguu ya kuku kwa wapita njia. Cyrus akajitosa barabarani kitabu kwapani, taksi mbili zikampigia honi, ya tatu ikamtukana kwa Kizulu, akafika ng'ambo akiwa mzima isipokuwa tai.

"Karibu, papa," Marthe akasema. "Iko miguu, iko vichwa."

"Firigisi, mama! Nakuomba firigisi!"

"Iko moja." Akaigeuza kwa koleo, ilikuwa nene, inachuruzika mafuta, imeanza kuwa nyeusi pembeni. "Lakini ile ni ya Ignace. Kila siku ya posho, Jumamosi kama hii, saa saba, namuwekeaka."

"Nitakupa bei mara tano!"

Marthe akamtazama kutoka viatu mpaka nywele. "Papa, miye sinauzishaka kitu ya mutu. Enda useme na ye mwenyewe. Anasimama pale kwa mulango."

Cyrus akageuka. Ole wake! Ignace alikuwa ndiye bawabu wa Big Tennessee, jabali lenye sare nyeusi, na juu ya kichwa chake palibandikwa sheria ya ngome kwa herufi kubwa: CHAKULA CHA NJE MARUFUKU. Mtu aliyepaswa kuitoa firigisi ndiye yule yule aliyepaswa kuizuia isipite. Nimesoma historia za vita nyingi, lakini mpango mbaya kuliko huo sijaukuta.

Akavuka tena. Akasimama mbele ya Ignace, na ule ufasaha wote wa ghorofa ya nne ukamkimbia. Akasema tu: "Ndugu yangu, nina mkwe mle ndani. Bila ile firigisi yako simpati mke."

Ignace akatazama ng'ambo, kwenye jiko la Marthe. "Patron," akasema, "miye nasikiaka harufu ya hii kuku ya mafuta kutoka asubui mpaka magaribi. Siwezi tena kuikula. Ile firigisi naingojaka tangu siku ya kazi moja, ile Jumatatu yenu. Unajua juu ya nini? Kwetu ilikuwa ya baba. Baba alipokufa, mama akaniwekea miye kwa sahani, mbele ya bandugu zangu bote, akasema: huyu njo mukubwa wa nyumba. Hapa Johannesburg nafungulia batu mulango. Hakuna mutu ananiita mukubwa wa nyumba. Ni ile firigisi tu."

Nakiri, nilisikia hayo kwa mlango ulioachwa wazi. Cyrus aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kurudi mikono mitupu, na naamini huo ndio wakati aliokuwa shujaa kweli, ijapokuwa hakuna alichofanya.

Lakini Ignace alikuwa akitazama kwapani mwake. "Ile kitabu ni ya nini?"

"Vyakula vya Amerika. Nimemwandikia Mzee, anasafiri leo."

"Amerika." Ignace akajipangusa mikono kwenye suruali. "Miye na bibi na batoto, jina letu limetoka kwa liste ya bakimbizi. Tulingoja miaka sita. Banasema tutaenda Iowa. Nimeuliza batu kama kule Iowa banakulaka nini. Hakuna mutu anajua."

Cyrus alifungua ukurasa wa kumi na saba. *Iowa: kipande cha nguruwe kilichopondwa na kukaangwa, kipana kuliko mkate wake mara tatu. Mahindi ni mengi. Watu husalimia.*

Ignace alisoma kwa kidole. Akarudi mwanzo, akasoma tena. "Banasalimiaka," akasema polepole.

Kazi ya miezi mitatu! Zawadi iliyokusudiwa kukabidhiwa kwa hotuba kwenye uwanja wa ndege! Shujaa alichomoa ukurasa mmoja tu, ule wa thelathini na moja, akauweka mfukoni, na kurasa zote zilizobaki akazitia mikononi mwa Ignace. Na Ignace akampungia Marthe ng'ambo ya barabara, mara moja, na Marthe akaifunga firigisi ndani ya gazeti.

"Na ile sheria?" Cyrus akauliza aliporudi, akielekeza kidevu kwenye tangazo.

"Kazi yangu ni kuangalia chakula yenye inaingia," akasema Ignace, akageuka kuelekea ukutani na kufungua kitabu. "Sasa niko naangalia Iowa."

Hivyo ndivyo ngome ilivyovunjwa bila damu. Cyrus aliipita kaunta, akaipita meza yangu akinuka mkaa, akaiweka firigisi mbele ya Mzee Namasaka juu ya kifuniko cha ndoo. Lorraine aliinua sweta. Mzee akaligusa paja kwa kidole. Lilikuwa na uvuguvugu, kidogo sana, ule wa sweta.

Kofia haikushuka. "Imetoka kwa kuku huyu?"

Enyi wasikilizaji, uongo mwepesi ulikuwa umekaa pale pale kwenye ncha ya ulimi wake. Niliuona.

"Hapana, Mzee. Ni ya kuku mwingine, ng'ambo ya barabara. Tena ilikuwa ya mtu mwingine, yule mlinzi. Kwao yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na hapa hakuna anayemwita hivyo. Amenipa. Nami nimempa kitabu nilichokuandikia. Nimebaki na ukurasa huu, unaoonyesha utakapozipata huko uendako."

Mzee Namasaka aliupokea ukurasa, akausoma akiwa ameuweka mbali na macho, akaukunja mara nne na kuutia mfuko wa shati. Kisha akavua kofia. Akaomba kisu; akaletewa cha plastiki, kikavunjika; akaletewa cha pili, nacho kikajipinda; lakini mkono uliozoea chaki kwa miaka thelathini na minne haukushindwa, na firigisi ikakatwa vipande vitatu.

"Lorraine, mama yangu, kipande hiki mpelekee mkubwa wa nyumba aliye mlangoni. Mwambie nimemwita hivyo mimi, Namasaka."

Cha pili akakila mwenyewe, taratibu, macho amefumba.

Cha tatu akakisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Cyrus. "Kula," akasema. "Lakini ujue, kwetu hakuna mwanamume anayekula firigisi bila kuwa na nyumba. Desemba tarehe ngapi?"

Lorraine alikuwa mlangoni, alisikia. Alimkabidhi Ignace kipande kwa mikono miwili, na hakurudi mezani upesi, maana alikuwa akilia, na Ignace alikuwa akimwonyesha Iowa ili anyamaze.

Basi na iandikwe: ilikuwa Jumamosi, saa saba na dakika kumi na tisa, Bertrams, ambapo Cyrus wa Mukhwana alipewa theluthi moja ya firigisi, ndogo kuliko kifungo cha koti, akaitafuna kwa muda mrefu usiolingana na ukubwa wake. Watakaokuja kuandika historia ya mji huu waanzie hapo. Wakitaka shahidi, mimi nipo. Kuku alikuwa amepoa kabisa, wakamla wote. Mimi walinipa bawa.