Mvumo Kwenye Kanda ya Mama

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya ukoo mzima, hapa hapa Korogwe.

Ilikuwa arobaini ya mama. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa kwaya, akatuachia mashine ya kurekodia kanda, ile ya zamani yenye sauti nne, kila moja na njia yake. Kwenye kanda moja baba anapiga gitaa njia ya kwanza, mama anaimba njia ya tatu. Sauti ya mama haipo pengine popote. Nikajitapa kwa ndugu kwamba leo wataisikia. (Nani alinituma?)

Asubuhi nikaijaribu. Nguuuu! Mvumo mtupu, utadhani mashine ya kusaga. Nikasafisha kichwa chake, pale kanda inapopita, kwa pamba na spiriti. Nguuuu. Nikabadili waya. Nguuuu. Nikaipiga kofi, kama tunavyozipiga redio zetu. Ikazidi.

Ndipo nikaiona chaja ya shangazi. Alikuwa ameingia alfajiri kutoka Kwaluguru, akaichomeka pale pale penye mashine kabla hata ya kutoa pole. Nikaichomoa. Kimya!

Ili kuhakikisha, nikachomeka maiki na kurekodi kidogo njia ya nne, ambayo ni tupu. (Ndivyo nilivyoamini. Namba kwenye vitufe zilishafutika zamani.) Hasira zilikuwa hazijaniisha, nikawa nanung'unika peke yangu. Kisha nikaitwa jikoni, nikaiacha ikirekodi mpaka wimbo wote ukaisha.

Baada ya wali watu wakatulia. Nikabonyeza. Gitaa la baba likatoka safi kabisa, shangazi akaanza kujifuta machozi. Pale mama alipopaswa kuingia, nikaingia mimi:

"Shangazi naye! Mama kaugua mwaka mzima, hakuonekana. Wali umeiva, huyo, na chaja mkononi."

Mtani wetu, ambaye kazi yake msibani ni kutuchokoza, aliinamia sahani yake. Nikapeleka kanda mbele. Kuku wanalia. Mlango unagonga. Sufuria. Mama hayupo.

Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, polepole:

"Na wifi yangu yuko wapi humo, mwanangu?"

Nilitamani anitukane.

Naomba asicheke mtu. Wenzangu mama humzika mara moja tu.